Mtoto Anayelala na Ziwa Mdomoni

Kabla arobaini haijaisha, mzazi ameshaambiwa: "Mwanangu, unamdekeza huyo, hatalala tena bila ziwa." Mara nyingi anayesema ni mtu anayempenda, mama mkwe, wifi, au jirani aliyelea watoto watano. Maneno hayo huja saa ambayo mama hana nguvu ya kujibu, mtoto kalala na chuchu mdomoni, akitolewa tu anaamka na kilio. Wengi tuliopita huko tulimaliza wiki nyingi tukipigana na jambo lisilo kosa, huku kosa lenyewe likitupita pembeni. Kumlaza mtoto kwa ziwa si kosa. Kosa ni kutojua, wakati ziwa liko mdomoni, kama anakula au anajiliwaza.

Kunyonya kwenyewe kunaleta usingizi. Mtoto anaponyonya, utumbo wake hutoa homoni iitwayo kolesistokinini, inayomfanya ajisikie ameshiba na macho yamlemee. Mama naye anatoa oksitosini inayoshusha maziwa na kumtuliza mwili, na prolaktini inayoyatengeneza, ambayo hupanda zaidi usiku. Maziwa ya usiku pia yana melatonini, kichocheo cha usingizi ambacho mtoto mchanga bado hajitengenezei cha kutosha. Kwa hiyo mama anayesinzia akinyonyesha si mvivu, na mtoto anayesinzia akinyonya hajaharibika.

Sasa tazama taya lake, achana na saa ya ukutani. Mtoto anayekula huanza kwa mivuto ya haraka haraka ili maziwa yashuke. Yakishashuka, mivuto inakuwa mirefu na ya polepole, kama mmoja kwa sekunde. Taya la chini linashuka, linasita kidogo likiwa chini, ndipo linapanda. Katika ule msito ndipo maziwa yanapoingia. Chumba kikiwa kimya utasikia pumzi fupi laini, "kh", baada ya kila mvuto mmoja au miwili. Huko ndiko kumeza. Anayejiliwaza ni tofauti kabisa: mivuto miepesi, kama miwili kwa sekunde, kidevu kinatetemeka tu, anapumzika, anatetemesha tena. Hamezi, au anameza mara moja moja kwa mbali. Tazama na mikono. Mwenye njaa hukunja ngumi karibu na uso, na aliyeshiba vidole vyake vinafunguka kimoja kimoja mpaka mkono mzima unalegea juu ya ziwa.

Wiki ya kwanza ndiyo ya kuuogopa usingizi wa ziwani. Mtoto mchanga, hasa aliyezaliwa kabla ya wakati, mwenye uzito mdogo au aliyeanza manjano, anaweza kusinzia baada ya mivuto kumi, na nyumba nzima ikamsifu: mtoto mpole huyu. Upole huo ndio unaomkosesha maziwa, kwa sababu asiponyonya ananyong'onyea, na akinyong'onyea hanyonyi. Siku hizo anatakiwa anyonye mara 8 hadi 12 kwa saa 24, na zisipite saa 3 bila ziwa, usiku na mchana, mpaka arudishe uzito wake wa kuzaliwa. Mvue nguo abaki na nepi, mpakate kifua kwa kifua, msugue nyayo, mbadili nepi katikati ya kunyonya. Kidevu kikianza kutetemeka bila kumeza, lishike ziwa kwa kiganja mbali na chuchu, libane taratibu na ushikilie. Maziwa yakimfikia ataanza kumeza tena. Achia, sogeza mkono, rudia. Akikoma kabisa, mpe ziwa la pili.

Dang'a, yale maziwa mazito ya njano ya siku mbili tatu za mwanzo, hupimwa kwa vijiko tu na yanamtosha. Bado kuna nyumba ambazo hukamuliwa na kumwagwa kwa madai kwamba ni machafu. Usikubali.

Uthibitisho uko kwenye nepi na kwenye mizani. Kuanzia siku ya tano mtoto akojoe mara 6 au zaidi kwa siku, mkojo mweupe, na kinyesi kiwe kimeshatoka kwenye weusi wa mwanzo na kuwa cha njano. Pampasi huwadanganya watu hapa kwa sababu inanyonya mkojo usionekane. Chukua moja kavu, mimina vijiko vitatu vikubwa vya maji, ishike mkononi uujue uzito wake. Hivyo ndivyo pampasi iliyokojolewa vizuri inavyopaswa kuwa nzito. Uzito wa mtoto hushuka kidogo siku za mwanzo, na ukishuka kwa zaidi ya asilimia 10 ya uzito wa kuzaliwa lazima aangaliwe. Ifikapo wiki ya pili awe ameurudisha, na baada ya hapo, kwa miezi mitatu ya kwanza, huongeza kama gramu 20 hadi 30 kwa siku. Mstari kwenye kadi ya kliniki ukipanda, hakuna jirani mwenye hoja.

Mtoto asiyeweza kunyonya kabisa, asiyeamka hata ukimsumbua, mwenye joto la nyuzi 37.5 au zaidi, au chini ya 35.5, anayepumua mara 60 au zaidi kwa dakika akiwa ametulia, au ambaye viganja na nyayo zimekuwa za manjano, haombwi kusubiri kupambazuke. Apelekwe hospitali saa ile ile.

Halafu mambo yanageuka. Kuanzia wiki ya pili au ya tatu, yule mpole hataki kuachia. Saa kumi na moja jioni anaanza, ananyonya, anaachia, analia, anataka tena, mpaka saa nne au saa tano usiku. Kulia huku hufikia kilele karibu na wiki ya 6, kisha hupungua, na kufikia mwezi wa tatu au wa nne jioni nyingi huwa zimetulia. Wakati huo huo maziwa ya mama yaliyokuwa yamejaa na kuuma yamelainika, kwa sababu mwili umeshajua kipimo cha mtoto. Mama anayabonyeza, anayaona laini, mtoto analia, na hesabu inafungwa: maziwa hayatoshi.

Hapa ndipo tulipoanguka wengi. Kopo la maziwa ya unga linanunuliwa, mtoto anakunywa, analala saa tatu mfululizo, kila mtu anashukuru. Ila ziwa ambalo halikunyonywa saa hizo limepokea ujumbe kwamba hayahitajiki mengi. Baada ya wiki mbili za mtindo huo, maziwa kweli hayatoshi. Na kopo lina bei yake: la gramu 400, kwa mtoto asiyenyonya, halimalizi wiki. Pesa ikikata, watu huongeza maji na kupunguza unga, na mtoto anadhoofika huku chupa ikiwa imejaa. Wengine wanakwenda kwenye maji ya sukari, dawa za mchango, au uji mwepesi wa usiku ili eti ashibe alale. Kabla ya miezi 6 tumbo lake halihitaji chochote zaidi ya maziwa ya mama na dawa alizoandikiwa na mtaalamu. Kwa mama anayeishi na virusi vya UKIMWI onyo hili lina uzito wa pekee, maana kuchanganya vyakula mapema kunaongeza hatari ya maambukizi. Anayekunywa dawa zake kila siku bila kuruka na kunyonyesha maziwa yake peke yake anamlinda mtoto.

Kabla ya kwenda dukani, uliza mambo matatu. Je, anameza vizuri ziwa linapoanza? Nepi zinatimia? Uzito unapanda? Yote matatu yakiwa sawa, jioni hiyo mtoto anatafuta kuliwazwa, na kinachobaki ni kumpanga mama. Ale kabla ya saa kumi na moja, awe na jagi la maji karibu, mgongo uegemee kitu, mto uwe chini ya kiwiko. Anayetaka kusaidia asikimbilie kumchukua mtoto. Achukue sufuria na ndoo ya nepi. Kuna jioni ambazo mama atalia pamoja na mtoto, na hilo lisemwe waziwazi ili asijione yuko peke yake. Lakini huzuni ikikaa zaidi ya wiki mbili, akose usingizi hata mtoto akiwa amelala, au aanze kuwaza kujidhuru, huo ni ugonjwa wa baada ya kujifungua na una tiba kliniki. Kumwambia avumilie hakumtibu.

Chuchu nazo. Kunyonya kwa kujiliwaza saa mbili kwenye ziwa lililokamatwa vibaya kunazaa vidonda. Mdomo uwe umefunguka wazi kama wa anayepiga miayo, kidevu kiguse ziwa, mdomo wa chini ujikunje kwa nje, na weusi unaozunguka chuchu uonekane zaidi juu ya mdomo kuliko chini yake. Hata aliyekamata vizuri, anaposinzia shingo hulegea na kuteleza mpaka anabaki na ncha ya chuchu tu. Ndiyo maana maumivu huja mwishoni mwa kunyonya kuliko mwanzoni. Mshike mgongo na mabega asiteleze. Chuchu ikitoka imebanwa na kuchongoka upande mmoja, ujue ameteleza. Usimvute kumtoa. Ingiza kidole kidogo, kisafi, kwenye kona ya mdomo mpaka kati ya fizi, hewa ipite, aachie mwenyewe. Baada ya hapo kamua matone machache ya maziwa, paka kwenye chuchu, acha ikauke kwa hewa. Sehemu ya ziwa ikiwa ngumu, nyekundu na yenye homa, endelea kunyonyesha, weka kitambaa cha maji baridi kati ya kunyonya na kunyonya, na usipopata nafuu ndani ya saa 24 nenda hospitali kabla halijawa jipu.

Usiku wengi wetu hunyonyesha tumelala ubavu, na mkao huo una ufundi wake. Lala ubavu, mtoto naye ubavu akikutazama, tumbo kwa tumbo, pua yake ikiwa usawa wa chuchu ili ainue kichwa kidogo kuikamata. Mkono wako wa chini uwe juu ya kichwa chake, magoti yako yamejikunja chini ya miguu yake. Akimaliza, mgeuze alale chali.

Salama zaidi ni mtoto alale chumba kimoja na mama lakini kwenye sehemu yake mwenyewe, kitanda chake kikiwa ubavuni mwa cha mama. Tunajua nyumba nyingi kitanda ni kimoja, na mama aliyechoka atasinzia tu, amepanga au hajapanga. Basi kipangwe kabla. Godoro liwe gumu, lisilobonyea. Mto na blanketi zito viwe mbali naye, ajifunike khanga nyepesi isiyopita kifua. Alale upande wa mama, asiwekwe kati ya baba na mama, wala kwenye mwanya wa ukutani anakoweza kutumbukia. Chandarua kichomekwe vizuri chini ya godoro, kisimwangukie usoni. Kwenye joto la Pwani kofia na soksi za usiku ni mzigo kwake. Mtu aliyekunywa pombe, anayevuta sigara, au aliyemeza dawa ya mafua inayoleta usingizi asilale naye kabisa, na mtoto aliyezaliwa kabla ya wiki 37 au chini ya kilo 2.5 alale kwenye sehemu yake. Kochi ndilo la kuogopwa kuliko vyote. Mama anakaa kochini akikwepa kulala na mtoto kitandani, anapitiwa na usingizi, mtoto anateleza kati yake na mto wa kochi. Ukihisi macho yanafunga, ondoka kochini.

Kumtoa ziwa na kumweka chini ni kazi ya dakika ishirini, na wanaoshindwa wengi hukimbia dakika ya tano. Mtoto mchanga huanza na usingizi mwepesi: mboni zinatembea chini ya kope, midomo inatabasamu na kununa, pumzi haina mpango. Ukimlaza hapo, mikono inaruka na ameshaamka. Subiri mpaka uso utulie na pumzi ziwe sawa. Inua mkono wake kidogo uuache: ukianguka kama kitambaa chenye maji, yuko tayari. Ingiza kidole kwenye kona ya mdomo, toa chuchu, na papo hapo weka kidole chini ya kidevu ukifunge mdomo taratibu kwa sekunde kumi. Akitafuta tena, mrudishie ziwa, subiri, jaribu tena. Mara ya tatu au ya nne kawaida anakubali. Mlaze ukianza na makalio, mgongo, kichwa mwisho, na kiganja chako kibaki kifuani pake mpaka ahisi godoro limemshika. Ukiwa umetandaza shuka uliyoilalia, bado ina joto na harufu yako, itasaidia kuliko kitanda baridi.

Karibu na mwezi wa nne, mtoto aliyekuwa akilala saa tano mfululizo anaanza kuamka kila saa moja au mbili. Hajarudi nyuma. Usingizi wake umeanza kugawanyika kama wa mtu mzima, na mwisho wa kila mzunguko anakaribia kuamka. Akikuta chuchu iliyomlaza haipo, anaita. Si lazima ufanye lolote, kwa kuwa wengi hupita wenyewe. Kama mwili wako haubebi tena, anza na usingizi mmoja tu wa siku: mnyonyeshe mpaka shibe, mtoe wakati kidevu kinaanza kutetemeka na macho yakiwa nusu wazi, amalizie kwa kupigwapigwa mgongoni na kuimbiwa. Ukishindwa leo, mpe ziwa, jaribu kesho. Njaa isiwe sehemu ya mafunzo.

Kwa mama mwajiriwa, shida inakuja mapema. Tanzania Bara likizo ya uzazi ni siku 84, na siku 100 kwa aliyezaa zaidi ya mtoto mmoja. Kenya ni miezi mitatu. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 ya Tanzania inampa mama hadi saa mbili kwa siku za kunyonyesha ndani ya muda wa kazi, na Sheria ya Afya ya Kenya ya 2017 inamtaka mwajiri atenge mahali pa kunyonyeshea. Ziombe saa hizo kwa barua kabla ya kurudi, kwa sababu ukizungumza tu mlangoni siku ya kwanza zinapotea. Wiki mbili au tatu kabla, anza kukamua asubuhi maziwa yakiwa mengi: nawa mikono, weka gumba juu na vidole chini, kama sentimita tatu kutoka chuchu, sukuma nyuma kuelekea kifuani, bana, achia, bila kuvuta ngozi. Maziwa hukaa saa 4 kwenye chumba kisichozidi nyuzi 25, na Dar es Salaam vyumba vingi vinazidi, kwa hiyo yaende kwenye friji, siku 4, au kwenye kikasha chenye barafu. Yapashwe moto kwa kuiweka chupa ndani ya bakuli la maji ya moto, yasichemshwe. Anywe kwa kikombe kidogo, kinachosafishika kuliko chupa.

Tulichokiona nyumba nyingi ni hiki: mama akiwepo, mtoto hakubali kulala bila ziwa, mama akiondoka, dada wa kazi anamfunga mgongoni kwa mbeleko, anazunguka uani dakika kumi, mtoto kalala. Kwa hiyo baba au bibi anayejifunza kumbembeleza ajifunze mama akiwa ametoka kabisa, hata kwa jirani, maana harufu ya maziwa ikiwa chumbani mtoto atadai haki yake. Na mjiandae: mama akianza kazi, mtoto mara nyingi hunywa kidogo mchana na kulipiza usiku kucha. Amekukosa kwa muda wa saa tisa. Hapo ule mkao wa ubavu na ile jioni bila sufuria ndivyo vitakavyokubeba.

Unyonyeshaji huu wa usiku una faida nyingine isiyosemwa sana. Mtoto akiwa chini ya miezi 6, ananyonya tu bila kingine na bila kupitisha saa 4 mchana au 6 usiku, na hedhi ya mama haijarudi, uwezekano wa kushika mimba ni mdogo sana. Sharti moja likivunjika, tafuta njia nyingine ya uzazi wa mpango. Na wanaoacha kunyonyesha kwa kuogopa kumbemenda mtoto wajue kwamba tendo la ndoa haliyaharibu maziwa. Mtoto hudhoofishwa na kukatiziwa ziwa na chakula duni.

Meno yakitoka, yafutwe kwa kitambaa chenye maji kabla ya ziwa la kulalia, na kuanzia mwaka mmoja jambo hili lichukuliwe kwa uzito zaidi, kwa sababu uji na sukari vilivyobaki kwenye meno usiku kucha vinayaozesha.

Siku ya kuacha ziwa ikifika, iwe baada ya miaka miwili au wakati mwingine mtakaouchagua, msipake shubiri wala pilipili kwenye chuchu, na msimpeleke kwa bibi kijijini ghafla. Anapoteza ziwa na mama siku moja, na mama anabaki na maziwa yaliyojaa mpaka homa. Ondoa kunyonya kumoja kila baada ya siku kadhaa, ukianza na kule kwa mchana anakokusahau kwa urahisi, na kule kwa kulalia kuwe kwa mwisho. Usiku baba ndiye ampokee akiamka, na kikombe cha maji kiwe karibu. Maziwa yakijaa, kamua kidogo tu, kiasi cha kuondoa maumivu, usiyamalize. Kwa wiki kadhaa baadaye yataendelea kudondoka mtoto akilia, hata kama anayelia ni wa jirani.